Mwaka Nilioutafuta Mluzi wa Chura

Wiki iliyopita, siku ya tatu baada ya hitima ya Bi Zuwena, mumewe Mzee Nasoro alikuja kibandani kwangu na kitu kakikumbatia kifuani, kimefungwa kwa kanga ya marehemu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikampisha kigoda, akakikataa kama anavyokikataa siku zote. Anasema kigoda changu kina msumari. Ni kweli kina msumari, lakini miaka tisa sasa mtu angeshazoea. Akasimama pale juani na mzigo wake, akasema ana kazi ya kushona. Hiyo kanga nitaifungua mwisho, msiniharakishe. Nilipoiona tu nilirudi mwaka ule nina miaka ishirini na miwili, mwaka ambao mie fundi viatu, mwenye cheti cha darasa la saba, niliachiwa gari la michezo nilitafute linakolilia.

Habari za nilizaliwa wapi na nani alinibeba siziandiki, kila mtu kazaliwa. Itoshe kwamba cheti cha shule na msharasi wa kutobolea ngozi nilivipata mwezi mmoja, na mpaka leo cheti hakijatoboa ngozi hata moja. Kibanda changu kipo Ngamiani, ubavuni kwa Athumani muuza kahawa, ambaye kazi yake ya pili ni kunisema mie. Nashona makubadhi, nabandika soli, natia viraka mikoba. Na kazi nyingine, ambayo haina kibao ukutani, nashona hirizi. Kina mama wanaleta kikaratasi cha dua kutoka kwa mwalimu wa madrasa, kimekunjwa mara saba, wengine wamejifunika nikabu unaona macho tu, nami nakivisha ngozi na kukishona pande zote. Kazi hiyo ina sheria moja: fundi haulizi. Huulizi ya nani, huulizi ya nini. Unashona, unasahau. Uzi wangu ni wa buluu, uzi wa nyavu, nauchukua kwa wavuvi wa Kigombe kwa sababu hauozi kwa jasho wala kwa mvua. Ukiona Tanga hii kiatu kina mshono wa buluu, hiyo ni saini yangu, na iko wazi kuliko ile ya kwenye cheti.

Siku aliyokuja Mzee Nasoro mara ya kwanza nilisikia kwanza watoto. "Chura! Chura kafumbua macho!" Lilikuwa gari la milango miwili, jekundu, ile rangi ya embe lililodondoka likachubuka, fupi mpaka ukiingia unajiona unakaa mkekani. Taa zake za mbele zimelala ndani ya boneti, ukiziwasha zinainuka. Shida ni kwamba ya kushoto ilikuwa mvivu, inainuka nusu, inalala nusu, kwa hiyo gari zima lilikuwa linakonyeza. Kina mama wa Chumbageni walishamlalamikia mzee kwamba gari lake halina adabu. Ndani akatoka mtu mwembamba, kofia ya viua, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, na miguuni kubadhi nililolishona mie mwenyewe zaidi ya mwaka nyuma.

"Wewe ndiye Mbwana?"

"Ndiye, shikamoo mzee. Kiatu kiko wapi?"

"Kiatu changu hicho hapo," akaonyesha gari.

Athumani kahawa ikampalia. Mzee wala hakucheka. Akaeleza kwamba gari likifika sabini linaanza mluzi, likifika tisini linalia, na makenika watatu wameshindwa. "Wale wanajua injini. Injini yangu nzima. Mimi tatizo langu ni raba. Raba za milango. Hasa mlango wa abiria, ndiko anakokaa mama." Hayo maneno nataka myakumbuke, kwa sababu mie sikuyakumbuka.

Nikamwambia, mzee, mie raba naijua, raba ni ndugu yangu, kesho nakuja. Athumani akangoja mzee aondoke, akaanza. "Fundi viatu kashika gari! Mbwana, utalitia soli au kisigino?" Nikamwapia mbele ya wanywa kahawa wote kwamba mluzi ule nitaukamata na kumletea kwenye kikombe. Ndiyo maana sikuweza kukimbia baadaye. Mtu ukishaapa kwenye benchi la kahawa, umeapa mbele ya mji.

Nyumba ya Mzee Nasoro ina vyumba saba na kila kimoja kina mtu. Watoto wake wameoa na kuolewa, wakaondoka, wakaja wapwa. Wapwa wakaondoka, wakaja wageni kutoka Mwera, ng'ambo ya Pangani, kwenye mashamba yao ya minazi, na wale hawana kawaida ya kuondoka. Uani kuna jamvi, na jamvini asubuhi ile nilikuta watu kumi na mmoja wanakula mkate wa kumimina, na katikati yao Bi Zuwena, mnene, mweupe wa meno, anamimina chai bila kutazama kikombe na hakosei. Akanipa wangu kabla sijaeleza mie nani.

"Wewe ndiye wa kuninyamazishia Chura?"

"Inshallah, mama."

"Inshallah yenu ninyi mafundi naijua. Sikiliza, mwanangu, na yeye asikie. Kila Maulidi tunakwenda kwa dada yangu Mwera. Mwaka jana nimefika sina sauti, nimepiga kelele njia nzima, nimeingia kwenye maulidi nabweka. Mwaka huu likilia, hii ndiyo safari yangu ya mwisho ndani yake, na mwezi wa Mfungo Saba ukiandama hamlikuti hapa uani. Kuna bwana wa Arusha anapiga simu kila wiki analitaka."

"Zuwena," mzee kasema taratibu.

"Hakuna Zuwena."

Nilimtazama mzee. Alikuwa kashika tonge la mkate halipeleki mdomoni. Wakati ule nilidhani anahuzunikia gari. Ilinichukua wiki kadhaa za kuingia na kutoka pale kuelewa. Kwenye nyumba ile, ukitaka kumwambia mkeo jambo, watu kumi wanaitikia. Mzee anamwita Zuwena kutoka chumbani, anakuja mgeni kuuliza anataka nini. Mahali pekee penye viti viwili tu, hapana cha tatu, ilikuwa mle ndani ya Chura, kutoka Tanga mpaka Pangani. Na huko ndiko walikokuwa hawasikizani. Mzee hakuwa anapigania gari. Alikuwa anapigania chumba.

Nilikuwa na miezi mitatu mpaka Maulidi. Nilianza kwa tepu, ile ya karatasi wanayotumia wapaka rangi. Ujanja wake ni huu: unaziba kila mwanya kwa nje, unaendesha. Kelele ikikata, unabandua kipande kimoja kimoja mpaka irudi, basi hapo umeshamkamata mwizi. Nikaziba taa, nikaziba boneti, nikazunguka kioo cha mbele, nikafunga vile vioo vya pembeni kama kichwa cha mgonjwa wa jino. Mzee alipokaa kwenye usukani nikamzibia na mlango wake kwa nje. Askari wa barabarani akatusimamisha, akatuzunguka mara mbili, akauliza, "Mzee, majeruhi huyu mnamkimbiza wapi?" Tukaenda mpaka karibu na Tongoni. Mluzi ule ule.

"Na mlango wako?" mzee akapiga kelele.

"Mlango gani?"

"Huo uliokaa wewe! Hujauziba!"

"Nitauzibaje, mzee, na mie niko ndani? Halafu huu hauna neno! Nimeegemea sikio hapa, ungekuwa huu ningeusikia! Unatokea kwako huko!"

Mzee akanitazama muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu anayeendesha gari. Naapa ulikuwa unatokea kwake. Sasa hivi najua kwamba sauti kali ikitokea karibu na sikio lako inagonga kioo cha pili na kukurudia kwa huko, lakini hilo darasa la saba hawafundishi, na kama wanafundisha, siku hiyo nilikuwa nimetumwa kuchota maji.

Njia ya pili, poda. Unapaka poda ya mtoto kwenye raba yote ya mlango, unafunga taratibu, unafungua. Pale raba inapokutana na bati, poda inahama. Pasipokutana, poda inabaki, basi hapo pana mwanya. Mlango wa mzee ulikuwa na mianya mitatu, nikafurahi kama nimefaulu. Mlango wa abiria ulikuwa safi isipokuwa kona ya juu, pale karibu na kichwa cha anayekaa. Hapo raba ilikuwa na kinundu kama mtu kameza kokwa ya tende. Nikakibonyeza, kigumu. Mzee alikuwa kasimama nyuma yangu, mikono mgongoni.

"Hapo pana nini?"

"Hapo? Hapo hapana kitu, mzee. Hicho kimewekwa na Wajapani wenyewe."

"Wajapani."

"Ndiyo. Cha kugawa upepo. Upepo ukija unakigonga hicho unatawanyika."

"Unatawanyika."

"Wana akili sana wale."

Mzee akavua kofia, akaitazama ndani kama kuna maandishi, akaivaa, akaenda kunywa maji. Nikaendelea kupaka poda.

Mianya niliyoipata niliiziba, na hapo nijisifu kidogo, maana hakuna mwingine atakayenisifu. Raba za dukani za gari lile hazipo Tanga, hazipo na Dar. Nikanunua malapa, zile kandambili za sponji, nikazichana kwa kisu cha ngozi nyembamba nyembamba, nikazibandika chini ya raba ya zamani kuinyanyua. Chini ya vioo vya pembeni nikaweka soli. Jicho la kushoto la Chura nikalitia kipande cha ngozi kwenye bawaba, likaacha kukonyeza, Chumbageni wakapumzika. Antena nikaizungushia uzi wangu wa buluu kama nyoka anavyopanda mti, maana fimbo iliyo laini inaimba na iliyozungushwa kitu inanyamaza. Tukaenda kujaribu. Ile ngurumo yote ya chini, ule mvumo kama umeweka kichwa kwenye mtungi, ikaondoka. Ukabaki mluzi peke yake, msafi, hauna mpinzani. Sasa ulikuwa unasikika vizuri zaidi kuliko mwanzo.

"Umeusafisha," kasema mzee.

Ndipo nikapata wazo la ubani. Nikamwomba Bi Zuwena chetezo. Nikakiweka ndani ya gari na makaa na ubani wa kutosha maharusi wawili, nikawasha feni, nikafunga vioo vyote, nikakaa nje kwenye ndoo kuangalia moshi unatokea wapi. Wazo zuri, hata leo nalitetea. Kosa lilikuwa kuacha geti wazi. Jirani akachungulia, akaona gari limefungwa linatoka moshi na kijana kakaa mbele yake kimya anatazama bila kupepesa. Dakika kumi uani pamejaa. Mama mmoja ananiuliza kwa kunong'ona kama jini limekubali kusema. Mzee mmoja wa Kidigo, mstaarabu kabisa, akanisogelea na bakora.

"Kijana, huyo ndani wa kabila gani? Wa Kiarabu au wa kwetu?"

"Wa Kijapani, mzee."

Akatikisa kichwa. "Hao wagumu."

Nilipomaliza kuwatoa watu, ubani umekwisha, na sikuona moshi umetokea wapi. Kaa moja lilikuwa limeruka na kutoboa zulia, nikaweka kiraka cha kandambili. Bi Zuwena akatoka jikoni, akaingiza kichwa dirishani, akavuta pumzi. "Hamjaliponya, lakini mmelitia harusini." Mzee alikuwa kakaa barazani na tasbihi. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Nikadhani analia, maskini, gari linakwenda Arusha. Nikaona aibu, nikapita mlango wa nyuma.

Kwa Athumani nikawa hadithi ya kila jioni. "Mganga wa magari! Mbwana, baiskeli yangu ina pepo wa mnyororo." Nilicheka nao, lakini ilibaki wiki moja na mie nilikuwa nimeshawapenda wale wazee wawili. Nilikuwa nakula kwao mchana, ugali wa muhogo tunaouita bada, na mchuzi wa papa, na Bi Zuwena akinipakulia anakwangua sufuria mpaka chini. Na kila nikiondoka namwona mzee anapitisha kitambaa juu ya bati, polepole, kama mtu anayeaga.

Wiki ile ya mwisho nikasema basi, nitasikiliza kama daktari. Nikakata kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, ncha nyingine unaitembeza kwenye raba. Ila lazima gari liwe na watu wake, viti vyake vimejaa, kama siku ya safari. Nyuma ya viti vya Chura pana nafasi ya kulaza mbuzi mmoja mdogo. Nikajikunja humo, magoti mdomoni, mpira sikioni. Tukatoka, mzee na Bi Zuwena mbele. Na baada ya dakika tano wakanisahau kabisa.

"Umemwambia Salma alete mchele?" Bi Zuwena akauliza.

"Eeh?"

"Mchele!"

"Wapi?"

"Salma!"

"Salma kafanya nini?"

"Basi!"

Kimya. Yaani, mluzi. Halafu mzee, kwa sauti ya kujisemea, akasema, "Nilitaka kukwambia ile kanga imekupendeza." Mie nyuma na mpira wangu nilisikia. Bi Zuwena hakusikia, alikuwa anatazama dirishani. Nikasema moyoni, Mbwana, mtu kangoja wiki nzima kusema hilo, na limekwenda na upepo.

Mbele yetu kulikuwa na lori la mkonge. Mzee Nasoro ana ugonjwa mmoja: lori kwake ni tusi. Akakanyaga mafuta, akatoka upande wa pili, na kwa mbali nikaona basi linatujia. Bi Zuwena midomo ikaanza kwenda, dua juu ya dua, na mkono wake wa kushoto ukapanda taratibu mpaka kona ya juu ya mlango, pale kwenye kile kinundu, ukakibonyeza kwa vidole vitatu.

Mluzi ukakata. Kat! Kama mtu kaufunga mdomo. Tukalipita lori, tukarudi upande wetu, basi likatupigia honi likapita, Bi Zuwena akashusha pumzi na mkono. Mluzi ukarudi.

Nilikaa mle nyuma nimekunjika kama chapati na nikawaaga Wajapani wote mmoja mmoja.

Tuliporudi mzee alikwenda msikitini, ilikuwa alasiri. Nikachukua msharasi, nikainua raba ya ile kona. Kikachomoka kijipande cha ngozi nyeusi, kinene, ukubwa wa kokwa, kimeshonwa pande nne. Nikakigeuza. Uzi wa buluu.

Hapo nilikaa chini. Nikakumbuka sasa, zaidi ya mwaka nyuma, mama mmoja wa nikabu aliyeniambia, "Ifanye nene, mwanangu, itakaa mahali pa jua." Na mie kwa kujitia ufundi nikaivisha ngozi mbili. Miezi mitatu namsaka mwizi na tepu na poda na ubani, na mwizi kazi ya mikono yangu, na saini nimeweka.

Nikaingia jikoni nimeifumbata. Bi Zuwena alikuwa anakuna nazi. Nikafungua kiganja. Kukuna kukasimama.

"Umeitoa wapi?"

"Mama unajua nilikoitoa."

Akainuka, akafunga mlango wa jikoni, akasimama nao mgongoni. "Irudishe."

"Nikirudisha litalia. Ndiyo inayolia hii. Imeinyanyua raba, upepo unapita chini yake."

"Ndiyo inayolia?" Akaishika, akaitazama, na nikaona uso unavyobadilika. "Siku zote hizi... mwaka mzima namgombeza mume wangu, kumbe mie?" Halafu akaanza kucheka, halafu akaacha. "Mbwana, huyu mzee anaendesha kama kaahidiwa kuingia peponi leo leo. Umeona mwenyewe. Nifanye nini? Nikisema, hasikii. Nikaenda kwa mwalimu. Na mzee hataki hata kuiona hirizi. Siku moja jamvini, mbele ya wanangu wote, kasema mwenye kuvaa hirizi ni mshirikina na hali naye sahani moja. Akijua hii ni yangu, nitakula na nani?"

"Hajui, na hatajua. Tuihamishe tu. Nitaipunguza iwe bapa, ngozi moja. Naweza kuitia kwenye kubadhi lake, katikati ya soli, ataitembeza kila..."

Mwiko ulinipata bega la kulia.

"Maneno ya Mungu! Uyatie chini ya unyayo!"

"Mama samahani, mie fundi viatu, ndiko akili inakokwenda!"

Tukakaa tukafikiri, nazi inakauka. Mwisho nikasema kile kibao cha kuzuia jua, kinachoning'inia juu ya kichwa cha dereva. Kiko juu, heshima ipo, na akipita lori kiko mbele ya macho yake. Akakubali. Kabla mzee hajarudi nilikuwa nimeshafumua ukingo wa kile kibao, nimeitelezesha ndani bapa kama stempu, na nimeshona. Uzi nilionao ulikuwa ule ule. Raba ikalala mahali pake kama haijawahi kusumbuliwa.

Siku ya safari ya Maulidi Bi Zuwena aliniamuru niwemo, ili likilia nirudi kwa miguu. Nikajikunja tena kwenye nafasi yangu ya mbuzi na sufuria la halua mapajani. Alikuwa kaweka sharti: atasema kwa sauti yake ya chumbani, mara moja tu. Akisikika, Chura anabaki. Tukapita Tongoni. Mzee akafika tisini. Mie nimefumba macho. Ulikuwa unasikia matairi, ukisikiza sana unasikia halua.

"Nasoro," kasema. Kwa sauti ndogo hivyo sijawahi kumsikia.

"Naam."

"Umepita kuku bila honi."

"Nimemwona, Zuwena. Alikuwa anarudi kwao."

Halafu mzee akasema, "Kanga imekupendeza."

"Hii? Si ya juzi hii?"

"Hata juzi ilikupendeza."

Basi, nikajua limebaki. Ila msidhani ilikuwa raha njia nzima. Kuanzia Kigombe Bi Zuwena akagundua anasikika, na kumbe alikuwa na maneno ya mwaka mzima ameyaweka akiba. Dada yako. Yule mgeni wa chumba cha nne. Ulivyosema kuhusu wali wangu Idi ile. Mpaka tunafika kwenye pantoni ya Pangani mzee kasema naam mara arobaini, na mie nyuma nilikuwa nautamani ule mluzi. Lakini nilimwona usoni kupitia kioo cha ndani. Alikuwa anatabasamu kama mtu kapewa ufunguo wa nyumba.

Mwaka ule ndio ulionitoa kwenye viatu vitupu. Watu wakaanza kuniletea raba za milango, viti, turubai za malori, na nusu ya kibanda changu leo ni hiyo. Miaka tisa wale wawili walikwenda na kurudi njia ile, karibu kila Ijumaa baada ya swala. Ukiwaona kwa mbali midomo inakwenda. Mpaka mwezi uliopita.

Sasa kanga. Mzee aliifungua juu ya meza yangu. Ndani kulikuwa na kile kibao cha kuzuia jua, kakifungua mwenyewe kwa bisibisi, kimepauka, na ukingo una mshono wangu wa buluu. Nikababaika, nikajifanya sikijui.

"Hiki... kimechanika wapi, mzee?"

"Hakijachanika. Kifumue, kitoe kilichomo. Kivishe ngozi mbili, kinenepe kama kilivyokuwa mwanzo. Uzi wa buluu."

Athumani alikuwa anaosha vikombe, akaacha.

"Mzee, kumbe ulijua?"

"Mbwana. Siku ya pili baada ya mama kuiweka niliiona. Ngozi inachungulia kwenye raba, na uzi sawasawa na wa kubadhi nililovaa. Unadhani kwa nini gari nililileta kwa fundi viatu?"

Nikakivuta kile kibao karibu, nikaanza kutafuta ncha ya uzi.

"Nilishasema maneno makali mbele ya watoto," akaendelea, "kabla sijajua. Ningeitoa mimi, angejua nimeiona, angeona aibu. Nikasema aliyeishona ataiona, ataongea naye, wataitafutia mahali. Kazi ya asubuhi moja. Wewe ukaniletea Wajapani." Akaguna. "Siku ya ubani nilicheka mpaka nikatia udhu upya."

Nikashika msharasi. Nikauliza, kwa kuwa mie sijawahi kuifuata sheria ya kazi hata siku moja, "Ikiwa nene hivyo haitaingia tena kwenye kibao. Utaiweka wapi?"

"Pale pale. Kona yake."

"Mzee, litalia."

"Najua litalia." Akaipangusa ile kanga, akaikunja mara mbili, akaikunja tena. "Limekuwa kimya sana."

Nikashona. Nilishona pande nne, ngozi mbili, na nikaliendea gari mwenyewe, nikainua raba nikaisukuma mpaka mwisho. Safari hii alikaa kwenye kigoda kunisubiri, na hakusema neno kuhusu msumari.

Ijumaa Athumani alitoka kuchukua kahawa mbichi, karudi anacheka njia nzima ili na mie nijue kuna jambo. "Mbwana! Nimepishana na Mzee Nasoro njia ya Tongoni. Chura analia huyo, mpaka ng'ombe wanageuka! Kazi yako hiyo imefumuka?"

"Haijafumuka," nikamwambia. "Kile kimewekwa na Wajapani."